Betri Iliyokufa

"Mwalimu, hii imekufa."

Msichana wa Gredi ya 8 alinipa betri ya rimoti yenye alama za meno. Kwao, kama kwetu zamani, betri ikichoka unaiuma, ikikataa unaianika juani, ikikataa kabisa unaitupa. Nikaigusisha mita. Volti 0.9.

"Haijakufa," nikamwambia. "Imechoka tu."

Tulikuwa Dandora, kwenye chumba tunachoazimwa Jumamosi hadi saa saba. Mezani kulikuwa na sinia ya vitu kutoka kwa mtu wa skrepu: redio, chaja za simu, na vipete vyeusi vya feraiti nilivyotoa kwenye balbu za enaji seva. Hizo balbu nafungua mwenyewe nyumbani. Kioo chake kina zebaki, na kapasita yake inaweza kukurusha hata kama balbu haijachomekwa popote. Sichezi na watoto wa watu.

Kazi ya siku hiyo: kuwasha LED nyeupe, inayotaka takriban volti 3, kwa hiyo betri ya 0.9. Unazungusha nyaya mbili pamoja kwenye pete, mara 10 hivi. Mwisho wa waya wa kwanza unaungana na mwanzo wa wa pili, na hapo panaingia chanya ya betri. Ncha moja iliyobaki inapitia rezista ya omu 1,000 hadi besi ya transista, nyingine inaenda kolekta. LED inakaa kati ya kolekta na emita. Transista inajiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ikijizima, koili inasukuma volti nyingi kuliko za betri yenyewe.

Haya nilifunzwa chuoni, ubaoni. Mwaka wa pili karo ikakwama, nikaacha uhandisi, nikaanza kuandikia watu makala kwa malipo ya neno. Transista ya kwanza kuishika mkononi niliing'oa kwenye redio ya shosho. Hadi leo anadhani ni panya.

LED ya msichana ilikataa. Alikuwa ameunganisha mwanzo na mwanzo. Sikumwambia, nilimwambia afuate waya kwa kidole.

"Mwalimu, ulimalizia chuo gani?" akauliza, macho kwenye waya.

Mtaani wananiita Injinia. Sijawahi kuwarekebisha.

"Sikumaliza."

Kidole kikasimama. "Lakini mama aliniachilia kwa sababu wewe ni injinia. Jumamosi ni siku ya kufua."

Sikuwa na jibu. Akarudi kwenye pete, akabadilisha ncha, akagusisha betri. LED ikawaka. Akaifunika kwa kiganja, akachungulia mwanga kati ya vidole, akacheka peke yake.

"Nitaongea na mama mwenyewe," nikasema.

"Leo?"

"Leo."

Tulitoka saa saba. Alitembea mbele yangu, LED ikiwaka ndani ya mfuko wa sweta.