Nilimdhalilisha Mfamasia Aliyekuwa Sahihi

Nilimkosea mfamasia, tena mbele za watu. Nilimrekodi kazini kwake bila ruhusa, nikaiweka video TikTok na maneno haya: "Muuza vidonge anajifanya daktari." Haikufika jioni ilikuwa imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kosa lake machoni pangu lilikuwa kuuliza maswali. Mama alikuwa akiharisha na tumbo linamsokota, nami nikaenda kununua Flagyl bila cheti, kama tulivyozoea. Akauliza mgonjwa ni nani, ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine. Nikamjibu kwa kero kwamba anatumia warfarini tangu damu ilipomgandia mguuni. "Basi hii siwezi kukupa, kaka. Mpeleke kwanza kwa daktari wake." Foleni ikaanza kuguna. Nikatoa simu.

Daktari wa kliniki ya mama ndiye aliyenifumbua macho. Flagyl huzuia ini kuivunja warfarini, ikarundikana mwilini, na mgonjwa anaweza kuvuja damu tumboni au hata kwenye ubongo. Akataka kujua ni nani aliyeligundua jambo hilo mapema. Nilisema "mfamasia mmoja", nikashindwa kuongeza neno.

Kwa nini nilimdharau haraka hivyo? Kwa miaka nimecheka vichekesho vya mtandaoni ambamo mtu wa famasi hana kazi ila kukisia mwandiko wa daktari, kuhesabu vidonge na kupandisha bei. Nilipofika pale nilimwona huyo wa kwenye vichekesho, sikumwona aliyesimama mbele yangu. Mfamasia wa Tanzania husomea shahada miaka minne, kisha hufanya mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi. Maswali aliyoniuliza ndiyo kazi yenyewe.

Wapo wanaouza antibiotiki kama pipi, na madhara yake tunayaona: vimelea vinakuwa sugu, dawa zilizotuponya jana leo hazifanyi kazi. Lakini mitandaoni huyo ndiye tunayemsifu kuwa anajali shida za watu, na anayekataa tunamwita mwenye roho mbaya. Chini ya video yangu watu walielekezana maduka ambayo "hawaulizi ulizi". Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, maana sijui ni nani aliyekwenda huko, akanunua nini, akampa nani.

Nilifuta video, nikarudi kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia tangu siku ile wateja wengine huingia na simu mkononi, na mwenye duka amemtaka apunguze maswali ili biashara isiharibike. Nilikwenda kwa mwenye duka kumweleza kilichotokea kwa mama. Nikarekodi video nyingine, safari hii uso wangu mwenyewe, nikasema kosa ni langu na sababu yake. Walioitazama ni wachache mno kuliko walioitazama ile ya kwanza.

Ile ya kwanza bado inazunguka. Mfanyakazi mwenzangu amenitumia juzi, asijue kwamba sauti inayofoka nyuma ya kamera ni yangu. Nimemwambia ni mimi, na nimemwomba aniambie aliitoa grupu gani.