Faili liko, lakini mashini inasema haliko

BUNIA – Kwa siku tatu, saa kumi na mbili ya asubuhi, redio moja ya jamii hapa mjini ilikuwa hewani bila sauti. Ukimya uliendelea mpaka mtangazaji alipofika. Ile ndiyo saa ya matangazo ya watu waliopotezana: watoto walioachana na wazazi wakati wa kukimbia, wazee waliobaki njiani, na mahali ambapo ndugu zao wanawangojea. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, wengi huwasha redio kwa dakika zile tu, kiisha wanazima ili betri zidumu.

Siku ya tatu mama mmoja alifika kwa miguu mpaka mlangoni pa redio. Mtoto wake wa miaka tisa hayuko naye tangu walipokimbia kijiji. Tangazo lake lilikuwa limerekodiwa mwanzo wa juma.

«Papa, jina la mtoto halijasomwa,» alimwambia mlinzi. «Ao mulilitupa?»

Mlinzi hakuwa na jibu. Akamwita fundi.

Fundi alijua kwamba tangazo halikutupwa. Lilikuwa ndani ya mashini, pamoja na mengine yote. Shida ilianza alipobadilisha kompyuta. Ile ya zamani ilikula umeme mwingi, na mafuta ya jenereta ni ghali. Aliweka mahali pake mashini ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea kiganjani na inayoweza kufanya kazi usiku kucha kwa betri ya umeme wa jua. Ndani yake aliweka Linux aliyoijenga yeye mwenyewe kwa Buildroot, akichagua vitu vichache tu: sauti, saa, mtandao, na BusyBox, programu moja ndogo inayobeba amri nyingi za kila siku. Kisha akanakili skripti ya zamani, ile karatasi ya amri inayoiambia mashini ifungue matangazo ya siku na kuyasoma moja baada ya lingine. Kazi ile iliachiwa mashini kwa sababu mtangazaji anakaa mbali, na kutembea kabla ya jua kutoka si salama.

Jioni ya kwanza alijaribu sauti kwa mkono. Ilisikika vizuri, naye akaenda kulala. Asubuhi, kimya.

Alipoamuru skripti iendeshwe, mashini ilijibu kwa maneno mawili ya Kiingereza: not found. Maana yake, haikuonekana. Lakini akiandika ls, faili lilikuwa pale, mbele ya macho. Alifikiri ni ruhusa, akaandika chmod +x. Jibu likawa lile lile. Siku ya pili alifikiri flashi imeharibu faili, akalinakili upya. Jibu halikubadilika.

Maneno ya yule mama ndiyo yalimrudisha mwanzo. Mama naye aliambiwa tangazo liko, na hakulisikia. Fundi akaacha kuuliza kwa nini mashini haioni faili. Akauliza: ni kitu gani hasa ambacho haikioni?

Alisoma mstari wa kwanza wa skripti kwa amri ya head -n 1. Uliandikwa #!/bin/bash. Alama mbili za mwanzo zinaiambia Linux: usinisome wewe, mwite huyu anayetajwa hapa anisome. Katika kompyuta ya zamani, Bash alikuwepo. Katika mashini mpya hakuna aliyemweka. Linux ilimwita msomaji, ikakosa mtu wa kuitika, lakini katika kutoa habari ikataja jina la skripti badala ya jina la msomaji. Faili lilibeba kosa la mwingine.

Alibadilisha mstari ule ukawa #!/bin/sh, msomaji mdogo anayekuja na BusyBox. Sasa skripti ilianza, ikakwama katika mstari wa saba: syntax error. Pale palikuwa na orodha iliyoandikwa kwa namna ya Bash, na sh mdogo haijui namna ile. Aliifuta, akaandika kitanzi cha kawaida cha for kinachopitia faili moja moja. Sauti ya tangazo la kwanza ikatoka.

Kazi haikuisha hapo. Alasiri katibu alitaka matangazo yarudiwe mara mbili, akanakili skripti katika faili jipya kwenye kompyuta yake ya Windows. Fundi alipoirudisha ndani ya mashini, yale maneno mawili yakatokea tena. Safari hii hakuzunguka. Aliandika cat -v, na mwisho wa kila mstari akaona ^M. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja. Alama ile ya ziada haionekani kwa macho, lakini ilikuwa imegandamana na jina la msomaji, na hakuna msomaji mwenye jina kama lile. Alizifuta zote kwa sed -i 's/\r$//', skripti ikaamka.

Kabla ya kurudi nyumbani alibandika karatasi ukutani, ili siku asipokuwepo mwingine asipoteze siku tatu. Iliandikwa hivi: baada ya skripti kukataa, andika echo $?. Ikitoka 126, faili limeonekana lakini haliendesheki. Angalia ruhusa kwanza. Ikitoka 127, kuna kitu hakikuonekana. Soma mstari wa kwanza, kisha tafuta ^M. Katika ratiba ya cron, andika njia nzima ya kila programu, kwa sababu cron inajua njia chache tu. Na makosa yote yaandikwe katika faili moja, mtu asikisie. Mstari wa mwisho haukuhusu Linux: usiseme imekwisha mpaka umeisikia saa kumi na mbili, katika redio, si katika mashini.

Kesho yake fundi alikaa na redio ndogo sikioni tangu alfajiri. Saa kumi na mbili kamili, matangazo yalianza. Jina la mtoto lilikuwa la nne: jina lake, kijiji chake, nguo aliyovaa, na mahali mama anapomngojea. Kisha yote yakarudiwa mara ya pili.

Kambini, mama alisikiliza mara zote mbili. Mtoto bado hajapatikana. Alizima redio ili betri zifike kesho.