Jezi Namba 17

Mchana wa tarehe 1 Julai 2024 nilikuwa kwenye daladala, Mbagala Rangi Tatu, simu ikaanza kutetemeka mfululizo kama siku ya msiba. Yanga walikuwa wamemtambulisha Clatous Chama. Konda aliyekuwa akining'inia mlangoni alipoiona habari hiyo kwenye simu yake aliacha hata kuita abiria. Mzee mmoja mbele yangu akauliza, "Chama yupi?" Hakuna aliyemjibu. Chama alikuwa mmoja tu.

Kati ya ujumbe wote ule, mmoja ulitoka Mtunda, kwa kaka yangu. Ilikuwa sauti ya sekunde nne. "Umeona lakini?" Basi. Tulikuwa na wiki tatu hatujasemeshana, na kosa lilikuwa langu.

Nikitaka kulieleza kosa lenyewe lazima nirudi kwenye kibanda umiza cha kijijini kwetu: nguzo za miti, kuta za makuti, mabenchi ya mbao za mnazi, televisheni moja iliyofungiwa kwenye sanduku la chuma, na jenereta nje linalokohoa kama mgonjwa. Tarehe 16 Machi 2019 tulijazana mle kiasi kwamba watoto walikaa juu ya mapaja ya watu wasiowajua. Simba walikuwa wanacheza na AS Vita ya Kongo, mechi ya mwisho ya makundi, Ligi ya Mabingwa Afrika. Ugenini msimu ule walikuwa wameaibika: 5-0 kwa Vita huko Kinshasa, 5-0 kwa Al Ahly huko Misri. Nyumbani, hata hivyo, walikuwa wamewapiga Saoura 3-0 na Al Ahly wenyewe 1-0. Kwa hesabu za siku ile, sare ilikuwa haitoshi. Vita wakatangulia kufunga. Simba wakasawazisha. Dakika zikawa zinakwenda, na mwenye kibanda akaanza kulalamika kuhusu petroli.

Dakika ya 90, Chama akafunga.

Kaka yangu alitoka nje kwa kupitia ukutani. Simtanii. Mlango ulikuwa mmoja na umezibwa na watu, yeye akaona makuti ni njia. Kesho yake asubuhi alikuwa amekaa chini ya mwembe akisuka makuti mapya ya kulipa, anacheka peke yake.

(Uwanja waliochezea bado ulikuwa unaitwa wa Taifa. Ulipopewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020, sisi watu wa Rufiji na Kibiti hatukushangaa sana. Tulikuwa na Mkapa wetu tangu 2003: daraja.)

Kwa nini Chama, na si Meddie Kagere aliyekuwa anafunga kila wiki, si nahodha John Bocco? Nadhani ni kwa sababu Chama hakuwa na haraka. Alifika kutoka Zambia mwaka 2018, na Desemba ile ile, Simba wakihitaji bao moja zaidi dhidi ya Nkana, timu ya kwao Zambia, mechi inakaribia kwisha, aliugusa mpira kwa kisigino ukaingia. Kisigino! Mtu mwingine angebutua. Ukimtazama ungedhani anatembea sokoni anachagua nyanya, mara mpira umeshafika mahali ambapo wewe uliyekaa mbele ya televisheni na unaona uwanja mzima hukupaona. Mafundi wa namna hiyo ni wachache, na kila kijiji kinaamini kinaye wake.

Wa kwetu alikuwa kaka. Amenizidi miaka minane. Hakuwa na mbio, hakuwa na mwili, lakini timu yetu yote ilicheza kwa kumtafuta yeye kwanza. Baada ya Machi 2019 hakuna aliyemwita tena jina lake. Hata imamu alimwita Chama. Alichukua fulana nyekundu ya mtumba akaandika 17 mgongoni kwa rangi yangu ya kucha, chupa nzima, bila kuniomba. Baada ya kufuliwa mara kadhaa ile 7 ikabanduka, ikabaki 1, golikipa akaja kulalamika nyumbani.

Mimi nilikuwa katibu. Nilianza kama mtoto mwenye mwandiko mzuri anayeandika daftari: nani kachanga shilingi 500 ya mpira, nani anadaiwa, nani kafunga. Nilipokwenda chuo Dar es Salaam, daftari likageuka kundi la WhatsApp, na ukatibu nikaondoka nao kwenye simu.

Agosti 2021 Simba walimuuza Chama kwa RS Berkane ya Morocco. Dirisha lile lile Luis Miquissone naye akaenda Al Ahly, na kibandani kwetu watu walinuna wiki nzima. Kaka hakununa. "Kasafiri," alisema, kama mtu anayeongelea jirani aliyekwenda bondeni kulima mpunga, atalala dunguni miezi kadhaa akifukuza ndege, kisha atarudi. Na kweli, Januari 2022 Chama akarudi. Machi 2023 akawafunga Horoya mabao matatu, Simba wakishinda 7-0, na kaka akanipigia simu usiku kunieleza bao moja baada ya jingine, ingawa nilikuwa nimeyaona.

Halafu ikaja masika ya 2024. Aprili ile mto ulipanda ukaenda ulikotaka. Wengi mliona kwenye taarifa ya habari Rufiji na Kibiti chini ya maji. Mimi niliona picha aliyotuma mama: mpunga wetu wa bondeni, ekari mbili, umekuwa ziwa tulivu kabisa, na paa la dungu limeelea katikati kama kofia. Kaka alikuwa amekopa mbegu. Alikuwa pia ndiye anayenitumia pesa za chumba.

Mwezi Juni kuna mtu, mwenye maduka, mlezi wa timu ya upande wa barabara kuu, alimwambia: njoo uchezee kwetu, nitakupa pikipiki, unaniletea hesabu ya kila siku, kinachozidi ni chako. Timu hiyo ndiyo tuliyokuwa tunapigana nayo kila mwaka. Nasema kupigana nikiwa na maana mbili. Kaka alikubali siku ile ile. Siku ya nne alinitumia shilingi 60,000, na ujumbe: "Lipa chumba, usichelewe."

Nikalipa chumba. Nikamwandikia "Asante kaka, Mungu akuzidishie." Jioni mwenyekiti wa timu akanitafuta. Vijana wamekasirika, alisema, wanataka tumpe "Thank You" yake, na katika timu nzima anayejua kutengeneza matangazo kwa simu ni mimi.

Msomaji asiyefuatilia mpira wetu labda hajui. Klabu zetu kubwa zikiachana na mchezaji huweka picha yake mtandaoni na maneno hayo mawili ya Kiingereza, kana kwamba Kiswahili kingeona haya. Siku hizi yamekuwa neno la mtaani. Msichana anampa mvulana Thank You, mwenye duka anampa kijana wa kazi Thank You. Msimu ule ule Bocco, aliyetoka Azam mwaka 2017 na kuwa nahodha wa Simba kwa miaka, alipewa ya kwake. Mwaka mmoja kabla alipewa Jonas Mkude, aliyekulia Msimbazi, naye akaishia kuvaa jezi ya Yanga.

Nilifanya ile kazi kwa nusu saa. Nilichagua picha yake nzuri kuliko zote, kaegemea goli la miti, kashika mpira kiunoni. Nikaitia kivuli, nikaandika Thank You kwa herufi za kulala, chini yake jina, na mwaka alioanza kucheza. Nilijivunia kivuli. Nikaituma kwenye kundi, watu wakacheka mpaka mtandao ukachoka, wakaisambaza hadi kwenye makundi ya vijiji vingine. Kisha nikamtoa kaka kwenye kundi, kwa kidole changu. Pesa yake ilikuwa imelala kwa mwenye nyumba usiku mmoja tu.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini. Nilisema ni utani wa mpira. Nilisema katibu hana upendeleo. Ukweli ni kwamba niliona raha. Mimi ndiye niliyeondoka Mtunda, kila likizo naulizwa nitarudi lini kuishi, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu mwingine wa kuulizwa.

Kiswahili kina neno la kujifichia hapa: kuachana. "Simba yaachana na fulani." Ukisema kuacha, lazima awepo aliyeacha na aliyeachwa. Ukiongeza hiyo -ana, wote wawili wamefanya, kwa hiyo hakuna aliyefanya. Mkataba wa Chama ulikwisha Juni 2024, akaenda alikotakiwa. Mitandaoni, Julai ile, kulikuwa na watu waliomwita msaliti kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mama yangu, ambaye ni Yanga tangu kabla sijazaliwa, alisema, "Huyo sasa mwanangu." Nikamuuliza, na yule mwanao mwingine? Akasema chakula kinaungua, akakata simu.

Tarehe 7 Agosti nilipanda basi kwenda nyumbani. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, na jioni Simba na Yanga walikuwa wanakutana kwenye Ngao ya Jamii. Niliposhuka Kibiti, nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kando ya pikipiki, amevaa koti zito la upepo kwenye jua lile, anabishana na wenzake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mzigo ndio huo tu?"

Akaufunga nyuma kwa mpira, akanipa kofia yake, tukaondoka. Barabara ilikuwa bado ina makovu ya mvua. Kwa muda mrefu hakusema kitu, na mimi nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Mbagala, ikapeperuka yote. Mwisho nikapiga kelele karibu na sikio lake:

"Kaka, kuhusu ile picha."

"Ipi?"

"Ile."

"Aa." Akakwepa shimo. "Nimeiweka kwenye WhatsApp yangu. Hukuona?"

Sikuona, kwa sababu wiki zote zile sikuwa nimethubutu kufungua jina lake. Nilidhani ananikejeli.

"Sina picha nyingine nimetoka vizuri," alisema. "Nilikata tu yale maneno. Kile kivuli uliwekaje?"

Nikamweleza kivuli nilivyokiweka. Nini kingine ningefanya? Nikamweleza mpaka tukapita mikorosho, kisha akaniuliza swali, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza bei. "2021 walipomuuza Berkane, nani aliitwa msaliti?"

"Hakuna."

"Haya."

Uwanjani kwetu timu ilikuwa mazoezini. Namba yake alikuwa anacheza kijana mmoja mwenye mbio nyingi sana. Kaka alisimama pembeni, akaacha injini inanguruma, akatazama. Kijana alipokea mpira akakimbia nao moja kwa moja kwa mabeki watatu, akaupoteza. Kaka akafyonza.

"Mwambie asubiri," alisema. "Wewe si katibu? Mwambie mpira autulize kwanza, watu watamfuata wenyewe."

"Shuka umwambie."

"Mimi siingii humo."

Akanifikisha nyumbani, akafungua mzigo, akauweka barazani. Mama alikuwa kisimani. Nikamuuliza kesho ataangalia mechi wapi. Akasema barabarani, kule kuna kibanda cha ukuta wa matofali. Nikatoa pochi, kwa utani tu, nikauliza, "Haya bosi, kiasi gani?"

"Elfu tano."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananyoosha mkono, si kwa hasira, hata kidogo, alikuwa anaangalia saa, na jua lilikuwa linashuka na hesabu ya mtu bado haijatimia. Nikampa elfu kumi. Akapekua mfuko wa koti, akanirudishia elfu tano, noti tano za elfu moja moja, akazihesabu kwanza.