Miaka Mitatu Kati ya A2 na A1

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Goma, na ushuhuda wangu unahusu urefu wa masomo. Hapa Kongo muuguzi wa A2 amemaliza shule ya sekondari ya uuguzi, ITM, na ana diploma ya serikali. A1 ameongeza miaka mitatu katika chuo cha ISTM. A0 ameongeza mingine miwili juu ya hiyo. Mgonjwa aliyelazwa haijui tofauti hii. Kwake sote ni waganga. Anayeijua sana ni mwajiri.

Nilianza kazi na A2 katika kituo cha afya cha komini ya Karisimbi. Nilizalisha, nilishona majeraha, nilichanja watoto. Jina langu halikuwamo katika orodha ya mishahara ya serikali, kama ilivyo kwa wauguzi wengi wa Kivu, kwa hiyo mwisho wa mwezi tuligawana kilichobaki katika malipo ya wagonjwa baada ya dawa kununuliwa. Mwezi ambao watu hawakuwa na pesa, nasi hatukuwa nazo. Mashirika ya misaada yalilipa kwa dola, lakini matangazo yao niliyoyasoma yalianza na sharti moja: A1 au zaidi. Uzoefu wangu wote haukuhesabiwa.

Mama yangu mdogo, muuza makaa katika soko la Virunga, ndiye aliyenisukuma. "Soma, mwanangu, ungali na nguvu ya kukesha." Nikaomba zamu za usiku, mchana nikawa darasani ISTM. Ada nililipa kidogo kidogo, na yeye akajazia pale nilipopungukiwa.

Nilipopata A1, vita vya waasi wa M23 vilikuwa vimewakimbiza watu wa Rutshuru hadi kambi ya Kanyaruchinya, na kipindupindu kikaingia kambini. Shirika moja likaniajiri kuwa kiongozi wa zamu katika kituo cha matibabu. Hapo ndipo nilipoona kilichobadilika. Nilipokuwa A2 nilitundika chupa daktari aliposema. Sasa usiku, daktari akiwa mbali, uamuzi ulikuwa wangu. Aliletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjika. Kilo 8. Upungufu mkubwa wa maji hutaka mililita 100 za maji ya mshipani ya Ringer kwa kila kilo: kwa mtoto huyu 240 katika nusu saa ya kwanza, kisha 560 katika saa mbili na nusu. Nilihesabu, nikampa mwenzangu karatasi, nikakaa nikishika mapigo ya mkono. Kulipokucha alikuwa anamlilia mama yake, na sisi sote tulishukuru Mungu kwa kelele ile.

Mwenzangu huyo alikuwa A2. Mshipa wa mtoto aliyekauka aliupata kwa sindano moja, kazi iliyowashinda wengi wenye vyeti vikubwa. Mshahara wake ulikuwa chini ya wangu.

Januari 2025 Goma ilitekwa, mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, na fedha za misaada kutoka Marekani zikakatwa. Mkataba wangu ukaisha pamoja na wa mwenzangu. Mimi nilipata kazi tena hospitalini kwa sababu walimtaka A1. Yeye bado anatafuta.

Kwa hiyo nasema mambo mawili, na yote nayaamini. Wewe A2 unayesoma haya ukiwa zamu, kama kuna ISTM unayoweza kuifikia, jiandikishe, hata kama itakubidi ukeshe. Nanyi mnaoajiri, vituo vya afya vya Masisi na Walikale vimesimama juu ya mabega ya A2: wapeni mtihani wa vitendo kabla ya kuweka bahasha zao za maombi kando, na wanaofaulu wasaidieni ada ya hiyo miaka mitatu.