Barua kutoka Limerick: Mkono Unaopokea Pesa

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku Ireland, mazungumzo yakigusa umaskini wa zamani, haichukui muda kabla mtu hajataja kitabu cha Frank McCourt, Angela's Ashes. Kilitoka mwaka 1996, kikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na kinasimulia utoto wake katika vichochoro vya mji huu wa Limerick miaka ya 1930 na 1940. Baba ni mlevi, mama anapanga foleni kuomba msaada kwa chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na wadogo zake pacha wanafariki mmoja baada ya mwingine. Wasomaji wengi humaliza kitabu wakiwa na hukumu moja: pombe ndiyo iliyoangamiza familia ile. Naona hukumu hiyo imeishia nusu ya kesi. Pombe humfanya baba awe mlevi, lakini ili watoto wa mlevi walale njaa panahitajika kitu cha pili, yaani utaratibu unaopitisha kila senti ya nyumba katika mkono wake yeye.

Chukueni sehemu moja ya kitabu hicho. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanaume wa Limerick walivuka bahari kufanya kazi katika viwanda vya silaha vya Uingereza, na Jumamosi hela zilirudi kwa telegramu. Kijana wa posta akiingia kichochoroni, akina mama wako milangoni. Familia zilizofikiwa zilikula zikashiba, watoto wakavaa viatu. Baba yake McCourt naye alikuwa kazini Coventry, lakini Jumamosi baada ya Jumamosi telegramu ilipita mlango wake. Kazi ilikuwepo na mshahara ulikuwepo; isipokuwa haukuwa na njia ya kufika mezani bila kupitia kwanza kaunta ya baa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mke wa mlevi wa siku zile alilazimika kuusubiri mkono huohuo, mtupu au umejaa, kwa kuwa wa pili hakupewa.

Nasema hakupewa kwa makusudi, kwani njia nyingine zilizibwa na sheria na desturi. Mwanzoni mwa karne ya 20, makuli wa bandari ya Dublin walilipwa ujira wao ndani ya baa, hata kiongozi wa wafanyakazi Jim Larkin akaifanya desturi hiyo kuwa moja ya vita vyake. Katiba ya mwaka 1937 ilitangaza kwamba mama asilazimishwe na shida kwenda kutafuta kazi nje ya nyumba, kisha katiba hiyohiyo ikapiga marufuku talaka, marufuku iliyoondolewa kwa kura ya maoni ya mwaka 1995. Mwanamke mwenye ajira serikalini aliiacha siku alipoolewa, na mambo yakawa hivyo hadi mwaka 1973. Serikali ilipoanzisha posho ya watoto mwaka 1944, ilimkabidhi baba. Mama aliipata kwa haki yake mwaka 1974. Na familia ikishindwa kabisa, mtoto aliweza kupelekwa katika shule za watawa zilizokuwa zikilipwa na serikali kwa kila kichwa, shule ambazo mateso yake yalianikwa na ripoti ya tume mwaka 2009. Pesa ya kumlisha mtoto huyo ilipatikana pale alipokwisha kuondolewa kwa mama yake.

Wapo watakaosema Waayalandi wamezaliwa na ulevi, basi sheria zina kosa gani? Takwimu zinawakatalia. Mwaka 1960 mtu mzima nchini humu alikunywa wastani wa lita 5 hivi za kileo halisi kwa mwaka, na chama cha Kikatoliki cha wasiokunywa, kilichoundwa mwaka 1898, kilikuwa na wanachama wengi mno waliovaa beji yake kifuani. Kufikia mwaka 2001 kiwango kilikuwa kimepanda hadi zaidi ya lita 14. Kama pombe ingekuwa sababu pekee, vichochoro vya Limerick vingejaa njaa zaidi mwaka 2001 kuliko enzi za McCourt. Mtanijibu kwamba nchi ilitajirika, na ni kweli, utajiri ulisaidia sana. Ila kumbukeni Coventry: baba alipopata mshahara mzuri, nyumbani hapakubadilika kitu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hoja yangu inamsafisha mlevi. Haimsafishi. Aliyekunywa hela ya maziwa ya mtoto ana deni lake, na wapo maskini wengi wa Limerick ambao hawakuigusa hela hiyo. Ndiyo maana baadhi ya wenyeji walimlaumu McCourt kwa kuuchora mji wao vibaya. Lakini baba huyohuyo, kitabuni, ni mtu wa asubuhi tulivu, anayemsimulia mwanawe hadithi za mashujaa kando ya moto. Mapenzi alikuwa nayo. Kanisa lilimtegemea aape kuacha, jirani wakategemea aone haya, serikali ikategemea awe kichwa cha nyumba. Wote waliweka chakula cha watoto rehani kwa dhamiri ya mgonjwa.

Leo sheria imegeukia chupa yenyewe. Tangu Januari 2022 kileo hakiuzwi chini ya senti 10 za euro kwa kila gramu ya alkoholi. Naiunga mkono, kwa kuwa pombe rahisi huwanasa wengi. Hata hivyo wanaoipinga wana hoja: aliyekwisha kunaswa anaweza kulipa bei mpya kwa kupunguza mkate wa nyumbani. Wala mkate haumalizi yote. Mtoto wa mlevi anaweza kushiba na bado akalala akisikiliza jinsi funguo zinavyogeuka mlangoni. Bei haimfikii huyo. Lakini mama mwenye kipato chake na haki ya kuondoka anaweza kumhamisha.

Kwa hiyo huko nyumbani, kilabu kikifungwa na wauza gongo wakikamatwa, ulizeni pia posho ya kaya na malipo ya mazao vinaishia mkononi mwa nani. TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ambao malipo yake hupokewa zaidi na wanawake, unajua kwa nini swali hilo lina uzito. Huku, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, euro 140 kwa kila mtoto huingia, kwa kawaida, moja kwa moja kwa mama. Hahitaji kusimama mlangoni kumsubiri kijana wa posta.

Wenu wa ughaibuni.