Viranja Wawili katika Bweni Moja

Watu husema kwamba mashine haikosei, mwenye kukosea ni mtu. Mimi niliyasadiki maneno hayo muhula huu, nilipopewa kazi ya kutengeneza mtandao wa chumba chetu cha kompyuta.

Chumba hicho kina kompyuta 24. Hapo kwanza kila moja tuliiandikia anwani kwa mkono, na mara nyingi mbili zilipewa anwani moja zikagombana. Basi mwalimu wetu akaniita akasema, "Kijana, ruta yetu yaweza kugawa anwani yenyewe. Iwashie DHCP, lakini usiguse kitu kingine."

Ninyi mkaao bwenini mtafahamu upesi kazi ya DHCP. Mgeni afikapo hupiga hodi kwa sauti ya kusikiwa na wote; kiranja humjibu kwamba kipo kitanda fulani; mgeni hukiomba; kiranja humkubalia na kuandika daftarini. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo iunganishwapo mara ya kwanza. Niliiamuru ruta igawe kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199, kila anwani kwa saa 24. Printa niliipa 192.168.1.10, nje ya safu hiyo, ili isihamehame. Jioni hiyo kompyuta zote zilipata intaneti, nami nikajiona bingwa.

Lakini kiburi si maungwana. Siku ya pili yake matundu ya kuchomeka waya hayakutosha. Nikatoa ruta kuukuu kabatini nikaiunganisha, bila kumwambia mtu. Kumbe nayo ilikuwa ikigawa anwani, zile za 192.168.0, na yenyewe haikuwa na njia ya kwenda kwenye intaneti! Wakawa viranja wawili katika bweni moja, na kila kompyuta ilimfuata aliyewahi kuijibu. Leo zilipotea hizi, kesho zile.

Mwalimu alidhani kwamba mvulana wa kidato cha pili, afagiaye chumba hicho, amechezea waya, akamkataza kuingia. Mtoto yule alilia. Mimi nilikwisha kuitazama anwani ya kompyuta moja iliyopotea, nikajua mkosaji ni nani, nami nikanyamaza.

Usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha nilimwendea mwalimu nikasema, "Mwalimu, naomba radhi. Kosa ni langu."

Alinitazama kitambo, kisha akajibu, "Nenda kwanza kwa mwenzako. Ruta itangoja."

Nilimwomba mwenzangu msamaha mbele ya darasa lake. Halafu sisi watatu tuliizima DHCP katika ruta kuukuu, tukaipa anwani ya 192.168.1.2, ikabaki kutupa matundu tu. Tangu siku hiyo hapana kompyuta iliyopotea, na daftari la anwani analishika yule mvulana.

Ndugu zangu, kukiri kosa si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako abebe mzigo usio wake.