Merikebu za Usiku

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Tanga, na huku Tumati, katika milima ya Mbulu, nimeletwa na kazi ya kusomesha. Baridi ya huku si ya kusimuliwa. Jirani yangu ni Mwiraqw, mkulima, mtu wa maneno machache; kila avunapo maharage, kikapu cha kwanza hukiweka mlangoni kwangu.

Basi katika upweke wa jioni, mpwa wangu aliyeko Maskati akanifunza mchezo wa kompyuta uitwao OGame, ambao huchezwa hata kwa simu. Ulianzishwa Ujerumani mwaka 2002. Mchezaji huanza na sayari moja. Hapo huchimba chuma, fuwele na deuteri, ambayo ndiyo mafuta ya safari. Kisha huunda merikebu za angani, akahamia sayari nyingine, akazipeleleza za wenziwe na kuzivamia. Wachezaji hufungamana kwa mapatano, na wengine huyavunja. Mvamizi akishinda aweza kuondoka na nusu ya akiba yako, na merikebu zilizovunjika huacha mabaki yakielea, akayazoa aliyewahi.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na bao. Lina mashimo 32 na kete 64, na ujanja wake si mdogo, lakini mwenzio hukungoja mpaka ucheze. Ikiadhiniwa alasiri mnaliacha, na mkirudi kete ziko pale pale. Huu wa angani hauna kungojana. Safari ya merikebu huchukua saa za kweli, na adui huja nawe umelala. Kwa hiyo wachezaji wana hila: kabla ya kulala huzituma merikebu zote safarini pamoja na mali, ili mwizi akute sayari tupu, nazo zirudi asubuhi mwenyewe akiwa macho. Hila nzuri, sikatai. Ila kidogo kidogo nikawa nalala na kuamka kwa saa ya merikebu.

Usiku mmoja, kiasi cha saa tano, jirani akabisha hodi. Mkewe ameshikwa na uchungu, na pikipiki iliyo karibu ni yangu. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, ndugu yangu, namaliza jambo." Jambo lenyewe ndilo hilo: nilikuwa nimeona merikebu za adui zinakuja, na mtandao wa huku hukatika. Nikajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Nilipotoka zilikuwa zimepita dakika 15, naye amesimama pale pale kwenye baridi, kofia mkononi.

Tulikwenda watatu juu ya pikipiki moja, polepole, kwa ajili ya mawe. Alhamdulillahi, mama alijifungua salama, mtoto wa kike. Jirani hajaniuliza hata leo nilikuwa namaliza jambo gani. Maharage yalipovunwa, kikapu nilikikuta mlangoni.

Mchezo huo una hali iitwayo likizo: ukiingia humo huvamiwi. Nilikuwa nikiijua tangu zamani, lakini migodi nayo husimama, nami nilizionea choyo fuwele zangu. Sasa niko likizoni mwezi wa tatu. Mpwa wangu huniandikia kuuliza nitarudi lini, kwani wenzetu wa mapatano wananihitaji. Sijamjibu bado.